Mali bila daftari: Wauza programu za hesabu wajifunze kwanza lugha ya dukani

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imekaa katika vitabu vyetu vya shule miaka nenda miaka rudi, wanafunzi wakiikariri kwa ajili ya mtihani na kuisahau mtihani ukisha. Ningependa leo tuitoe kitabuni tuipeleke sokoni, kwa sababu kuna biashara inayoizunguka methali hiyo katika jiji la Nakuru na miji iliyo jirani, na biashara yenyewe inawahusu walimu na wanafunzi kuliko wanavyodhani.

Namaanisha biashara ya kuuza programu za tarakilishi za kuwekea hesabu. Mtu akitembea siku hizi kwenye Barabara ya Kenyatta mjini Nakuru, au akizunguka maduka ya Njoro, Molo, Gilgil na Naivasha, hatakosa kukutana na vijana nadhifu wenye vipakatalishi mikobani, wakibisha hodi duka baada ya duka. Wametumwa kumwambia mwenye duka la vifaa vya ujenzi, la dawa za mifugo au la vipuri vya magari kwamba daftari lake limepitwa na wakati. Aghalabu huonyesha picha za kupendeza kwenye kioo, wakauza, wakafundisha alasiri moja, kisha wakaenda zao. Haipiti miezi mingi kabla mashine hiyo haijafunikwa kitambaa na daftari la zamani likarudi mezani.

Swali ninalotaka kulijibu ni hili: kampuni inayouza programu za namna hii kwa biashara ndogo ndogo itakuaje katika sehemu zetu hizi za Bonde la Ufa? Wapo watakaouliza mwanaisimu ametoka wapi na habari za biashara. Nitawajibu kwamba tatizo lenyewe, tukilichunguza kwa makini, kwa kiasi kikubwa ni tatizo la lugha na la mafunzo. Nayo lugha na mafunzo ndiyo kazi tuliyoajiriwa kuifanya.

Kwanza tuelewe hali ya soko. Uchunguzi wa Shirika la Taifa la Takwimu wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa nchi hii ilikuwa na biashara ndogo na za kadiri zipatazo milioni 7.4. Kati ya hizo, milioni 1.56 tu ndizo zilizokuwa na leseni. Uchunguzi huo huo ulionyesha pia kwamba katika muda wa miaka mitano iliyotangulia, biashara zipatazo milioni 2.2 zilikuwa zimefungwa. Mwenye kampuni ya programu akizisoma takwimu hizo huona mamilioni ya wateja. Mwalimu akizisoma anapaswa kuona jambo jingine: mamilioni ya watu waliosoma shule zetu, wakafungua biashara, na wengine wengi wakazifunga bila kujua hasa ni wapi mali ilikovujia.

Tena takwimu hizo zinadanganya kidogo. Sheria ya Biashara Ndogo na za Chini ya mwaka 2012 inaiita biashara ya chini kabisa ile ambayo mauzo yake hayazidi shilingi 500,000 kwa mwaka. Tugawanye fedha hizo kwa siku 365: hazifiki shilingi 1,400 kwa siku, na hayo ni mauzo, faida bado. Tuseme kampuni inamtoza mwenye duka kama huyo shilingi 2,000 kila mwezi. Hizo ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani karibu senti tano katika kila shilingi anayoipokea, kabla hajalipa kodi ya chumba, umeme na nauli ya mzigo. Hakuna hotuba ya muuzaji itakayomfanya mtu mwenye akili timamu aendelee kulipa ada hiyo, hata kama mwezi wa kwanza aliilipa kwa kuona haya.

Pili, serikali nayo imeingia uwanjani. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya ilianzisha mwaka 2023 mfumo wa eTIMS wa kutoa ankara kwa njia ya mtandao, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyokuwa na ankara ya mfumo huo haikubaliwi kupunguzwa katika hesabu za kodi, isipokuwa zile zilizosamehewa na sheria. Maana yake ni kwamba mjenzi anayenunua misumari na saruji mjini Nakuru atamwuliza mwenye duka: Je, utanipa ankara? Asipopewa, atavuka barabara aende kwingine. Kampuni za programu zilifurahi kwelikweli, zikadhani sheria imewaletea wateja hadi mlangoni. Lakini mamlaka hiyo hiyo imetoa njia za bure za kuandikia ankara, ikiwemo njia ya kubonyeza nambari kwenye simu ya kawaida. Kwa hiyo, anayetegemea kuuza ankara peke yake anauza maji mtoni. Lazima awe na kitu kingine cha kumpa mteja, nacho ni ufahamu wa hali ya duka lake.

Ufahamu huo haupatikani kwa programu iliyotungwa bila kulijua duka. Tuchukue mfano wa duka la pembejeo huko Molo. Mkulima wa viazi huchukua mbegu, mbolea na dawa ya ukungu wakati wa kupanda, akaahidi kulipa atakapovuna. Programu iliyotungwa ugenini inajua deni la siku 30, la siku 60 na la siku 90. Siku hizo zikipita, inamwandika mkulima yule kwa wino mwekundu kama mdaiwa mbaya, ilhali yeye ni mteja mwema anayengojea viazi vikomae. Mkopo wa Molo haufuati mwezi, unafuata msimu. Vivyo hivyo kwa vipimo. Gunia la mbolea la kilo 50 hufunguliwa likauzwa kwa kilo, mahindi na maharagwe huuzwa kwa gorogoro, na mafuta ya kupikia hupimwa kidogo kidogo kwa kadiri ya mfuko wa mnunuzi. Programu inayojua kuhesabu magunia pekee itasema kwamba ghalani mna gunia moja zima, kumbe lililobaki ni robo. Mwenye duka akiikuta hitilafu hiyo mara mbili, ya tatu haingojei.

Walimu wenzangu wa lugha wataliona vizuri zaidi jambo hili wakilifungua daftari lenyewe. Humo huenda wakakuta maneno kama haya: Mama Fulani wa Turi, dawa ya kupe, atalipa maziwa yakilipwa. Hiyo ni sentensi kamili. Ina mtu na mahali pake, ina bidhaa, na ina sharti lililobebwa na silabi moja tu, -ki-. Silabi hiyo ndiyo roho ya mkataba. Inatuambia kwamba deni halina tarehe, bali lina sababu. Kwamba chama cha wafuga ng'ombe kikiwalipa wanachama, mama naye atalipa. Na kwamba chama kikichelewa, si haki kumdai. Sasa fungueni programu nyingi zinazouzwa. Zina mahali pa jina, pa tarehe na pa kiasi cha fedha. Mahali pa kuiandika -ki- hiyo hapana. Mwenye duka anapokataa kuliacha daftari lake, watu humwita mshamba. Ukweli ni kwamba daftari lake linajua jambo ambalo mashine haijafundishwa.

Haya si maneno ya kukashifu maendeleo. Kampuni zilizofanikiwa sana katika biashara hii ulimwenguni zilifanikiwa kwa kulitambua jambo hilo hilo. Kampuni ya Intuit ilianzishwa huko California mwaka 1983 ikiuza programu ya Quicken, ambayo ilikusudiwa kwa hesabu za nyumbani. Wenyewe wakagundua kwamba wanunuzi wengi walikuwa wakiitumia katika biashara zao ndogo. Walikuwa na desturi ya kumfuata mteja hadi kwake, wakakaa kimya wakimtazama anavyohangaika. Walichokiona ni kwamba mwenye biashara ndogo hayapendi maneno ya wahasibu, ya upande wa mdai na upande wa mdaiwa; anataka kuandika hundi, kutoa ankara na kujua nani hajalipa. Mwaka 1992 wakatoa QuickBooks, programu ambayo mtu angeweza kuitumia bila kujua istilahi za uhasibu. Tafakari jambo hilo, msomaji. Wamarekani wenyewe, ambao Kiingereza ni lugha yao ya mama, ilibidi watafsiriwe Kiingereza cha wahasibu kwa Kiingereza cha dukani. Seuze mwenye duka wa Subukia!

Nyumbani tunao mfano ulio bora zaidi. Mwaka 2005 Safaricom na Vodafone walifanya majaribio ya kutuma fedha kwa simu pamoja na shirika la mikopo la Faulu, nia yao ikiwa kuwawezesha wakopaji kulipa madeni yao. Majaribio yakawaonyesha kwamba watu walikuwa wakiutumia mfumo huo kutumiana fedha wao kwa wao. Wenye mradi hawakuwakemea watu kwa kutumia kitu kinyume cha makusudi. Waliubadilisha mradi, wakapunguza mambo mengi, na mnamo Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kwa kazi moja iliyoeleweka na kila mtu: kutuma pesa nyumbani. Isitoshe, aliyewafundisha watu kuitumia alikuwa wakala, mwenye kibanda kile kile wanachonunua sukari, naye alilipwa kila mara mteja alipoweka au kutoa fedha. Kwa hiyo alikuwa na sababu ya kumvumilia mzee asiyejua kubonyeza, leo, kesho na mwezi ujao.

Linganisheni hayo na yaliyotokea juzi juzi. Copia, kampuni iliyowauzia watu wa vijijini bidhaa kupitia mawakala wenye maduka madogo tangu mwaka 2013, iliwekwa chini ya wasimamizi mwezi Mei 2024. Mwaka huo huo kampuni ya MarketForce ilifunga huduma yake ya RejaReja, iliyowawezesha wenye maduka kuagiza bidhaa kwa simu. Kazi ya kampuni hizo ilikuwa kupeleka bidhaa, na gharama za magari na maghala si gharama za programu. Hata hivyo mkasa wao una funzo kwa kila anayetafuta kukua kwa kutumia fedha za wawekezaji. Mteja aliyevutwa kwa bei ya chini huondoka bei ikipanda. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Sasa nije kwenye Kiswahili chenyewe. Kuna dhana iliyoenea, hata katika vyumba vya walimu, kwamba Kiswahili ni lugha ya mashairi na siasa, na kwamba hesabu za biashara zina lugha yake, nayo ni Kiingereza. Historia inaikanusha dhana hii vikali. Kiswahili kililelewa na biashara. Neno daftari tulilipata kwa Waarabu, nao Waarabu na Waajemi walilipata katika neno la Kiyunani lenye maana ya ngozi. Rasilimali ni kichwa cha mali, kwa Kiarabu. Hesabu, faida, hasara, deni, thamani, amana, rehani, dhamana na stakabadhi zote ni za asili hiyo. Duka, hundi, bima na pesa zilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Mfanyabiashara wa Mvita au wa Unguja alijua kutofautisha amana na rehani, na rehani na dhamana, kabla reli haijafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Lugha yenye utajiri huo haiwezi kuambiwa na mtu kwamba haiwezi kuhesabu magunia ya mbolea.

Lakini pana upande wa pili wa historia hiyo, na ni mchungu. Misafara iliyokwenda bara kutoka Unguja ilipewa mali kwa mkopo na matajiri wa Kihindi kama Tharia Topan, ambaye alimkopesha Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Mapatano yalizungumzwa kwa Kiswahili, lakini madaftari ya nyumba hizo za biashara yaliandikwa kwa Kigujarati. Baadaye, walowezi walipoyatwaa mashamba ya Nakuru na kuanzisha vyama vyao vya wakulima, vitabu viliandikwa kwa Kiingereza. Kwa muda wote huo Mwafrika alifanya biashara kwa lugha anayoielewa, akaandikwa kwa lugha asiyoisoma. Mwenye kalamu ndiye aliyesema nani anadaiwa na ni kiasi gani.

Ninahofia kwamba tunaurudia mtindo huo kwa vifaa vipya. Mwenye duka ananunua programu inayozungumza Kiingereza cha wahasibu, kisha anamwajiri kijana mwenye cheti cha kompyuta ili amsomee. Kijana akipata kazi kwingine, ufunguo wa hesabu umeondoka naye. Akiwa si mwaminifu, atamwibia tajiri wake mchana kweupe, na mashine itashuhudia kwamba kila kitu ki sawa. Mtu asiyeweza kuzisoma hesabu zake mwenyewe hana daftari, hata kama amelipia tarakilishi tatu.

Kampuni za simu zililitambua jambo hili mapema kuliko sisi wasomi. Tazameni majina ya huduma zao: Sambaza, Okoa Jahazi, Fuliza, Pochi la Biashara. Mwalimu wa sarufi ataukosoa usemi wa Lipa na M-Pesa, aseme kwamba chombo cha kutendea kazi huonyeshwa kwa kihusishi kwa, na kwamba mtu hulipa kwa M-Pesa. Atakuwa amesema kweli. Lakini usemi huo umeandikwa ukutani mwa vibanda kutoka Lanet hadi Mau Summit, kwa sababu umeanza na kitenzi ambacho mwenye duka hukitamka mchana kutwa. Kufuliza nako kulimaanisha kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Tangu mwaka 2019, ulipoanza mkopo wa kujazia salio lisilotosha, kijana ukimwuliza maana ya neno hilo atakueleza habari za deni. Hivyo ndivyo istilahi zinavyozaliwa. Hutoka kwenye matumizi zikaja kamusini, na mara chache huenda kinyume chake.

Najua yapo mapingamizi. La kwanza ni kwamba jambo hili limejaribiwa likashindikana. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili, na Microsoft nayo ikatoa Kiswahili cha Windows miaka hiyo hiyo. Ni kweli kwamba kazi hizo nzuri hazikuenea kama ilivyostahili. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba zilibadilisha maneno ya kwenye kioo lakini mafunzo yakabaki kwa Kiingereza. Mtu aliyefundishwa kwa lugha moja hawezi kutazamiwa afanye kazi kwa lugha nyingine. Sisi nasi tulikuwa tukibishana kama mashine yenyewe iitwe tarakilishi, ngamizi au kompyuta, wakati watu wa sokoni walikuwa wakiuliza inafanya nini. Tafsiri ya maneno bila tafsiri ya kazi ni kupaka rangi nyumba isiyo na mlango.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kwamba mwenye duka hataki hesabu ziwe wazi kwa kuogopa kodi. Hofu hiyo ipo, na maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha yalionyesha kina chake. Kampuni isimdanganye mteja juu ya jambo hili. Imweleze waziwazi, kwa Kiswahili, ni habari gani zinazokwenda kwa mamlaka ya ushuru na zipi zinabaki dukani, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa haki ya kujua. Lakini mwenye duka naye akumbuke kwamba anayejificha gizani hata yeye mwenyewe haoni. Maduka ya Nakuru na Naivasha yalipochomwa katika ghasia za Januari 2008, aliyepoteza daftari alipoteza pia ushahidi wa mali yake na wa madeni ya watu. Hesabu iliyohifadhiwa mahali pengine salama haiungui pamoja na mbao.

Baada ya kusema hayo, nitathubutu kuwashauri wenye kampuni hizi. Wasijaribu kumwuzia kila mtu. Wachague kazi moja, tuseme maduka ya pembejeo ya kutoka Njoro hadi Kuresoi, wazijue tabia zake zote, ndipo waende kwa maduka ya dawa, ya vipuri na kadhalika. Wenye maduka ya aina moja hununua kwa wauzaji wa jumla wale wale na hujuana. Mmoja akiridhika, kumi watasikia bila tangazo la redio. Wauzaji wao wasilipwe kwa mashine waliyoiacha dukani. Walipwe kidogo kidogo kwa kila mwezi ambao mteja angali anaitumia, kama wakala wa M-Pesa, ili mafunzo yawe na faida kwa anayefundisha.

Bei nayo ifuate mfuko. Anayenunua mafuta kwa kupimiwa anaweza kulipia programu kwa siku au kwa juma, na mkulima anapolipa baada ya mavuno, mwuza pembejeo naye aruhusiwe kulipa wakati huo. Programu ifanye kazi umeme ukipotea na mtandao ukikatika, maana hayo hutokea. Ianzie kwenye deni, kwa sababu deni ndilo linalomkosesha mwenye duka usingizi. Orodha ya mali na mizania zitafuata. Mteja anayepiga simu kuomba msaada ajibiwe kwa Kiswahili na mtu aliyewahi kuliona gorogoro. Hatimaye, mteja akitaka kuondoka, aruhusiwe kuondoka na hesabu zake zote. Kampuni inayomfungia mteja mlango kwa kuzishika hesabu zake haijakua, imeteka nyara.

Tukifika hapo, mpira unarudi kwetu. Katika shule za upili Elimu ya Biashara inafundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kinafundishwa kwa insha, fasihi na sarufi. Mwalimu wa somo hili na wa somo lile hukutana wakati wa chai tu. Ni nani atakayemfundisha mwanafunzi kuandika leja kwa Kiswahili? Ni nani atakayemwonyesha kwamba ankara hutangulia malipo na stakabadhi huyafuata, wakati nchi nzima inaviita vyote risiti? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Urasmi usioingia katika hesabu za duka ni urasmi wa sherehe.

Kazi yenyewe haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Elimu ya Biashara wanaweza kuwapa wanafunzi zoezi moja: kila mmoja aende katika duka la mtaani kwao, kwa ruhusa ya mwenyewe na bila kutaja majina ya wadaiwa, akusanye maneno yanayotumika kuandikia mali iliyotoka, mali iliyoingia, deni na malipo. Mtaa wa Bondeni utakuwa na maneno yake, Elburgon na Olenguruone yao. Vyuo vikuu vya hapa kwetu, Egerton kule Njoro na Kabarak, vina idara za lugha na idara za tarakilishi. Mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa tarakilishi wakiandika pamoja tasnifu juu ya daftari la duka, watatoa kitu ambacho kampuni ya Nairobi italazimika kuja kukiomba. Nao vijana hao watakuwa wamejipatia ajira kwa yale waliyoyasoma, badala ya kuzunguka na bahasha.

Pana sababu nyingine ya kukichagua Kiswahili katika eneo hili hasa. Nakuru, iliyotawazwa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, ni makao ya watu wa kila kabila la Kenya, na sote tunajua kuishi pamoja kumetugharimu nini. Mwenye duka Mkikuyu huko Molo hukopesha mkulima Mkalenjin, naye Mkisii wa Keroka humletea ndizi Mluhya wa soko la Wakulima. Wote hao huandikiana deni kwa Kiswahili. Daftari linaloweza kusomwa na anayedai na anayedaiwa, bila mkalimani kati yao, hupunguza ugomvi. Kampuni itakayolitunza daftari la namna hiyo itakua, wala haitahitaji kelele nyingi.

Kwa hiyo nawasihi wauza programu: kabla hamjabisha hodi, kaeni kwanza kwenye benchi la nje ya duka, msikilize namna watu wanavyoahidiana kulipa. Nanyi walimu na wanafunzi, msiwaachie wageni kazi ya kuyaandika maneno ya wazazi wenu. Zoezi la daftari la duka lianze muhula ujao.